Swichi Mbili Zilizokuwa Zikisubiriana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia. Sisi nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu, anasema usirudi tena na soksi zilizotoboka. Bibi ni mzima ila magoti. Kila jioni anauliza swali lile lile, lini wanawe wawili watakaa pamoja chumbani mwake. Mama hujifanya anakoroga chai.

Shuleni tulipata msukosuko. Mtunza bustani aliukata kwa jembe waya wa faiba unaotoka ofisini hadi maabara ya kompyuta. Sasa tunamwita Mkasi, na mwenyewe anaitika. Mkuu wa shule akatangaza kwamba mtandao usipokuwa wa kuaminika, mtihani wa vitendo tutaufanyia shule nyingine, kwenye mashine tusizozijua. Wengine walilia. Mimi nilikataa kulia.

Akaitwa fundi wa mitandao, mwanamke mwenye sauti nene, ambaye akifikiri hung'ata bisibisi kama wewe. Alivuta nyaya mbili mpya, kila mmoja ukipita upande wake wa uwanja, ili Mkasi asizimalize zote kwa siku moja. Alitueleza kwamba atazifunga ziwe njia moja: zikiwa hai zote zinagawana mzigo, mmoja ukikatika mwenzake unabeba. Mwalimu wetu akauliza kwa nini asizichomeke tu. Fundi akasema akizichomeka tu, swichi, vile visanduku vya kugawa mtandao vilivyo kila upande, zitaukalisha waya mmoja bure, au data zitazunguka humo mpaka mtandao wa shule nzima uzimike.

Aliomba mwanafunzi wa kumsaidia, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Yeye alipanga swichi ya ofisini, akanipa picha ya mipangilio yake, akaniambia niiige kwenye swichi ya maabara. Niliiga neno kwa neno, si unanijua? Taa zote mbili zikawaka kijani, lakini njia haikuungana. Tulisafisha ncha za nyaya, tukabadilisha matundu ya kuchomekea, tukazima na kuwasha. Mwalimu akaguna kwamba labda vifaa vimerogwa. Fundi akamwambia basi alete mganga mwenye bisibisi.

Nikakaa chini, nikasoma upya mstari kwa mstari. Swichi yake ilikuwa imewekwa kusubiri mwenzake aanze kuzungumza. Na yangu, kwa kuwa niliiga, ilikuwa inasubiri vilevile. Kila moja ilikuwa tayari kabisa kuitikia, ila hapakuwa na wa kusalimia kwanza. Niliibadilisha ya kwangu ianze. Kufumba na kufumbua, zikaungana.

Fundi akawasha mashine zote, wenzangu wakafungua mitihani ya majaribio, akaniamuru nichomoe waya mmoja. Nikauchomoa. Hakuna aliyeinua kichwa, mtandao haukukatika. Mkuu wa shule amekubali, mtihani tutaufanyia kwetu.

Nilipomweleza fundi kosa letu, alicheka hadi akafuta machozi. Akasema yeye mwenyewe amekaa hivyo miaka mingi, simu mkononi.

Baba, sasa nikwambie. Huyo fundi ni shangazi, dada yako. Siku ya kwanza aliniuliza jina la baba yangu, nilipomtajia akaangusha bisibisi. Anasema ukimpigia atapokea kwenye mlio wa kwanza, ila hawezi kuanza, kwa sababu wewe ndiye uliyemfungia mlango baada ya mazishi ya babu. Nawe nimekusikia ukisema aanze yeye, maana ndiye mdogo. Sijui nani alimkosea nani, wala siulizi. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ukikasirika unakata.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Lakini hata usipopiga, nimemwalika Jumamosi utakayorudi, naye amekubali kuja. Hakunituma mtu. Nimeanza mimi, na mlango nitaufungua mimi. Kilichobaki ni wewe kuitikia.

Wasalimie mafundi wenzako wote hapo kambini. Mama amerudia habari za soksi. Bibi ameshasogeza viti viwili karibu na kitanda chake.

Akupendaye na kukuheshimu,

Kitindamimba wako