Kofia ya Dereva wa Treni

Unguja, 2 Machi 1999

Mdogo wangu Azzan,

Nshafika salama, ila baridi ya Uingereza bado imo magotini. Darajani nzima nshawahadithia gari lenu la moshi: daktari mstaafu kajaa masizi anatia makaa, mkewe anauza chai, na treni lenyewe linakwenda likirudi palepale. Watu wamecheka! Kuwa wote wanajitolea, hakuna anayelipwa, hilo sijalisema.

Maana na wewe nlikukuta umo, umevaa kofia ileile ya kwenye picha uliyomletea Nada ulipomposa. Ulituandikia wewe dereva wa treni. Kumbe unakwenda Jumapili kusugua mabehewa, na kazi huna tangu mwaka juzi.

Jana Nada kaja kunisalimia. Ualimu keshaacha, safari baada ya Idi Kubwa.

"Wifi, kazi yake ngumu?"

"Inachafua nguo tu, mwanangu."

Mimi, Azzan, na mdomo wangu huu! Usiku kucha sikulala.

Mpigie simu umwambie mwenyewe. Akitaka kuja, aje anajua. Akiniuliza tena, ntamwambia.

Dada yako anayekupenda hata leo,
Jokha