Hotuba Niliyoiandika, Kisha Nikaipinga

Jumamosi. Upepo na vumbi tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo sijaizoea.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: hotuba zote anazosoma Paskali wa darasa letu kwenye mdahalo wa shule naziandika mimi. Yeye ana sauti. Mimi nikisimama mbele ya watu, maneno yananipotea.

Mada ya wiki hii aliitoa mwalimu wa siasa: serikali iendelee kukiokoa kiwanda cha kuunganisha magari kilichokwama, badala ya kununua mabasi. Paskali alipangiwa kuunga mkono. Nikamwandikia kurasa tatu.

"Yuli, umeandika mpaka na mimi nimeanza kukiamini hicho kiwanda," aliniambia akicheka.

Mimi sikukiamini.

Mdogo wangu Eliya alivunjika mguu, akafungwa plasta ngumu. Daktari wa Arusha alisema arudishwe huko baada ya wiki sita plasta ikatwe. Sasa ni ya tisa. Mguu unanuka na vidole vimevimba. Kila siku mama huenda stendi kuweka jiwe lake kwenye foleni. Kila jiwe ni abiria. Jana asubuhi nilikuwa na mama pale karani wa basi alipotoka nje.

"Mama Yuliana, basi halina matairi. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu ya mwaka gani, baba?"

Foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka.

Mchana ukawa mdahalo. Paskali alisoma, akapigiwa makofi, na nakiri niliona fahari. Kisha mwenyekiti akaomba wachangiaji.

Nikanyoosha mkono.

Nilisema kiwanda hicho kinaokolewa tangu nikiwa shule ya msingi, na kila kikiokolewa kinaomba tena vipuri vya nje. Nikasema fedha hizo hizo za kigeni zingeleta matairi ya basi moja, moja tu, la hapa kwetu Babati. Nikamtaja Eliya kwa jina. Sikupoteza hata neno moja.

"Kaa chini, Yuliana," mwalimu akasema. "Huoni mbali."

"Naona mpaka stendi, mwalimu."

Kura zilipopigwa, upande wangu ulishindwa vibaya. Jumatatu natakiwa kuomba radhi mbele ya paredi kwa kumjibu mwalimu.

Sitaomba.

Leo nilimbeba Eliya mgongoni, mama akifuata na kikapu, mpaka barabara ya Arusha. Malori mawili yalipita bila hata kupunguza mwendo. La tatu lilipotokea, nikaenda kusimama katikati ya barabara. Dereva alipiga honi, akafunga breki, akatoa kichwa dirishani.

"We binti, umechoka kuishi?"

Nikageuka ili avione vidole vya Eliya. Akashuka, akasogeza magunia ya mahindi.

Palipatikana nafasi ya mama na mtoto tu. Nikawapandisha, nikavua khanga yangu ya mabegani wafunike mguu usiingie vumbi, nikarudi nyumbani Nangara kwa miguu.