Kilima Nyuma ya Nyumba

Kwako kaka yangu,

Huku hatujambo, ila mama kafungwa plasta mkononi. Bati la jikoni nimeshalibadilisha.

Unakikumbuka kile kilima nyuma ya nyumba? Mwamba wake umeliwa na jua na mvua miaka nenda rudi, mpaka ukawa udongo mwekundu unaomeguka kwa vidole. Jiwe limeoza, lakini dhahabu iliyokuwamo haikuoza. Sasa tunaichota kwa koleo.

Baba mdogo alikuja na panga, akadai kilima alichotuachia marehemu baba ni chake. Mama akasimama shimoni, akakataa kutoka. Baba mdogo akampiga kwa ubapa wa panga, mfupa ukalia. Mume wangu akamrukia. Walipokuwa wakivutana ukingo ukaporomoka, ukamfukia baba mdogo.

"Mfukueni," mama akasema.

"Mama, amekuvunja mkono."

"Ni ndugu wa baba yako. Chimba."

Tulimtoa mdomo umejaa udongo. Alipopata pumzi akasema, "Kilima bado changu." Mama akamzaba kofi kwa mkono uliobaki, kisha akamnywesha maji.

Tangu apone anakuulizia wewe, mtoto wa kiume, na panga amenunua jipya. Tafadhali usije.

Ni mimi dada yako.