Mtoto wa Shule wa Waruguru

Bwenini, Mashuuru
Jumanne, 20 Mei 2025

Mama Waruguru,

Kabla ya salamu wacha niseme kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama aliyenizaa. Ile simu matroni alipata ndani ya godoro lako Oktoba ilikuwa yangu. Niliiweka mimi.

Sasa salamu. Hujambo? Shangazi Ciku hajambo? Kile kifua chake kimepona? Mimi niko mzima, ila usiku nageuka geuka mpaka wa kitanda cha juu ananigongea chuma.

Siku ile msako ulianzia kitanda cha kwanza. Mimi nilikuwa cha tisa. Ningeweza kuitupa simu dirishani. Ningeweza kuisukuma kwa godoro la mtu yeyote. Nilichagua lako, na si kwa sababu lilikuwa karibu. Wiki hiyo ulikuwa umemchukua Namalwa awe mtoto wako wa pili. Ulimpa sweta yako ya kijani. Na mimi ndiye ulinipokea getini Januari nikilia na sanduku, ukasema, "Wacha machozi, hapa kila Form One ako na mama wake wa shule, na wako ni mimi." Ulinifundisha kutandika, ulinifichia mkate, ulichapana na wale waliokuwa wananiita Bubu. Halafu nikaona mtu mwingine amevaa sweta yako.

Nilidhani utafyeka nyasi wiki mbili uache kujivunia watoto wengi. Sikujua prinsipo ataita baba yako na kumsomea zile meseji zote, zile nilikuwa naandikia M, moja moja, kwa sauti. Sikujua watakufukuza.

Hapo pia nimejipendelea. Kwamba sikujua ni kweli mpaka saa nne. Saa sita nilikuona na sanduku ukitembea nyuma ya baba yako kwenda getini. Ofisi ilikuwa wazi. Nilikuwa dirishani nakula mkate, na nikaumaliza.

Ramadhani yote nimefunga na hiki kitu kooni. Nakuandikia sasa kwa sababu nimechaguliwa kukariri shairi, na tamasha la muziki la kaunti mwaka huu ni huko kwenu Kitengela, tarehe kumi hadi kumi na mbili Julai. Naogopa kukutana na wewe kabla hujajua.

Barua nimempa Oyoo wa gari la mkate. Ukimaliza, ichome.

Mtoto wako wa shule


Kitengela
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mwanangu Kafiya,

Salamu zako zimefika. Mimi sijambo. Shangazi bado anakohoa, vumbi la malori ya simenti halimpi nafasi. Huko kwenu maji yanatoka ama bado mnapanga foleni na ndoo saa kumi?

Nimekaa wiki tatu bila kukujibu. Ya kwanza nilikutukana, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, mpaka shangazi akauliza jikoni kuna nani. Ya pili nilicheka. Miezi saba nimeomba msamaha kwa kitu sikufanya, Kafiya. Nimeomba mpaka siku nyingine nafikiria ni mimi niliandika "nikifunga macho nakuona". M ni nani? Ako na sura gani? Angalau nijue mvulana aliyenifukuzisha shule.

Ya tatu nilienda Isinya kwa baba. Unakumbuka Mzee Njogu, yule wa kuku, aliyekuletea mayai siku ya wazazi. Tangu Oktoba hajaniita jina langu. Alinitoa nyumbani akaniweka huku kwa dada yake, na nikienda kusalimia ananiambia "wewe". Wewe, pisha. Wewe, funga mlango.

Nilimpa barua yako. Aliisoma amesimama katikati ya kuku, akaigeuza nyuma kutafuta jina.

"Haina jina," akasema. "Hata mimi naweza kujiandikia barua ya kusema mimi ni malaika."

"Baba, ni ya Kafiya."

"Basi Kafiya aje aniambie na mdomo wake."

Kwa hivyo si utakuja? Jumamosi ya tamasha, mkimaliza, omba ruhusa ufike kwa shangazi. Baba atakuwa hapo. Utasema sentensi moja. Sitaki kurudi hiyo shule yenu. Sitaki prinsipo aniombe radhi wala ufukuzwe wewe. Nataka baba aniite Waruguru. Ukifanya hivyo, yaishe kati yetu, na sitasema hivyo mara ya pili.

Kuhusu shairi: usiangalie watu, watakumaliza. Ukumbi uko na dirisha moja juu ya ukuta wa nyuma. Litolee hilo dirisha sauti.

Mama yako,
Waruguru


Bwenini
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama,

Umeamkaje? Shangazi ameamkaje? Maji hayatoki, na matroni ametuambia eti tumshukuru Mungu kwa mvua ya Aprili.

Nitasema. Nimefanya mazoezi bafuni. "Simu ilikuwa yangu." Ni maneno matatu, na shairi langu liko na beti kumi na moja, kwa hivyo siwezi kushindwa.

M ni Mowlid wa Ngong, jirani ya duka letu. Sikio lake moja ni kubwa kuliko lingine. Likizo nilimkuta anamnunulia msichana mwingine soda, akanipungia mkono kama mtu anafukuza nzi. Ndiye huyo.

Ruhusa nimepata. Nilimwambia Madam Wathome wa muziki naenda kusalimia binamu yangu Waruguru. Akavua miwani.

"Binamu? Njogu wa Isinya na Dubow wa Ngong walikutana wapi? Kwa mnada wa mbuzi?"

Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akaniandikia karatasi, saa saba hadi saa kumi.

Wacha nikuulize. Baba yako akishasikia, ataniangaliaje? Kule dukani baba yangu huwaambia wateja kuwa binti yake hajui kudanganya. Nauliza tu. Nitakuja.

Mtoto wako


Kitengela
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi ni wazima kabisa, mpaka kifua kimetulia wiki hii.

Toka ukumbini ufuate barabara ya lami mpaka duka la mabati na misumari. Nyuma yake utaona geti la bluu. Bisha kwa nguvu, mbwa ni kelele tu.

Shangazi atanunua nyama kwa bucha ya Wasomali ndio ule bila wasiwasi. Amenunua na sufuria mpya, kwa sababu ile ya zamani iliwahi kupika nguruwe ya Krismasi na hakumbuki aliiosha mara ngapi. Nimemwambia hutauliza. Akasema, "Mungu hatauliza?"

Baba amekubali. Jana alipiga simu akaniuliza, "Huyo msichana hunywa chai ya maziwa ya ng'ombe ama ya ngamia?" Hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi ameniambia mwaka huu. Nililia kwa choo.

Ataniangaliaje, umeuliza. Atakasirika, kisha atakupa mayai. Ndivyo alivyo. Njoo tu.

Mama yako,
Waruguru


Kitengela
Jumatano, 16 Julai 2025

Kafiya,

Afya yako sitauliza. Niliiona Jumamosi, ulimaliza sahani mbili.

Ijumaa pia nilikuona. Sikukuambia nitakuja, nilisimama karibu na mlango na wauza maji. Kwanza niliona kwaya yenu. Namalwa anaimba pale mimi nilikuwa naimba, na anaimba vizuri, mbwa yule. Halafu wakaita namba yako. Ulipanda jukwaani ukiwa umevuta shela mpaka kidevuni, nikasema basi, ameisha. Ukatazama lile dirisha. Ukafungua mdomo na ukumbi wote ukanyamaza, hata wale wa ngoma huko nje wakaacha kufunga kengele miguuni. Jaji alisema hajasikia sauti iliyonyooka hivyo mwaka huu. Nilipiga makofi mpaka mtu akaniuliza wewe ni dada yake. Nikasema ni mtoto wangu.

Wacha nikuandikie Jumamosi pia, ndio usije ukajidanganya ilikuwa vingine.

Baba alikaa hapo kwa kiti cha mikono, na lile koti lake la kanisa. Ulikula. Ulisifu nyama. Ulimweleza baba namba uliyoshika, na yeye akakuuliza ni nani alikufundisha, ukasema Madam Wathome. Nikaacha hiyo ipite. Sahani zilipotoka akatoa barua mfukoni, akaifungua juu ya goti.

"Mwanangu," akakuambia, wewe, "usiogope. Hapa hakuna mtu wa kukuchapa. Huu ni mwandiko wako?"

Uliitazama. Uliisoma, Kafiya. Macho yako yalienda mpaka chini.

"Hapana."

"Simu ile haikuwa yako?"

"Mimi sijawahi kuwa na simu, mzee."

"Na hii nyingine, ya bafuni na maneno matatu?"

"Sijui nani aliandika. Labda ni mchezo wa Waruguru. Shuleni alikuwa anapenda mchezo."

Shangazi alikuwa ameshika kijiko cha wali. Alikishika hivyo hivyo mpaka baba akasimama. Hakunipigia kelele. Alisema, "Umemtoa mtoto wa watu kwa mashindano yake aje akusaidie kudanganya." Akavaa kofia. Trei ya mayai aliyoletea shangazi akaichukua tena, akakupa wewe, ati pole kwa usumbufu. Na ukaipokea na mikono miwili!

Jikoni ukaniambia, "Pole mama, sauti ilikataa kutoka." Ilitoka. Siku moja kabla, ukumbi mzima ulikusikia bila maikrofoni.

Baba hachukui simu yangu. Amemwambia shangazi nikimaliza mtihani wa mwisho hapa shule ya kutwa nijitafutie pa kukaa, Isinya nisikanyage.

Basi sikiliza. Jumatatu tarehe ishirini na moja, baada ya chai ya saa nne, nitakuwa kwa ofisi ya prinsipo wenu na shangazi. Niko na barua zako zote mbili. Hazina jina lakini ziko na mkono, na wewe uko na madaftari. Wataziweka pamoja mezani. Nilikuwa nimekuachia mlango mdogo, upite wewe na baba yangu tu. Ni wewe umeufunga.

Usiniite mama.

Waruguru Njogu


Chumba cha muziki
Jumatatu, 21 Julai 2025

Mama Waruguru,

Ulinikataza kukuita hivyo, lakini sijui nikuite nani. Natumai umeamka salama. Natumai baridi ya barabarani haitamwamsha shangazi kifua.

Barua yako nilipata Ijumaa. Leo nimeruhusiwa kukaa hapa peke yangu nifanye mazoezi ya tamasha la mkoa. Nimesema ubeti mmoja, kisha nikatoa karatasi.

Nilifika kwenu nikiwa na yale maneno matatu mdomoni, wallahi. Baba yako akanishika mkono na mikono yake miwili, akasema, "Ndiye huyu tumesikia amewashinda wote? Na ni msichana wa adabu hivi." Hakuna mtu mzima amewahi kunisema hivyo mbele ya watu. Nikataka niendelee kuwa huyo msichana mpaka chakula kiishe. Halafu chakula kikaisha.

Alipofungua barua nilikutazama wewe. Ulikuwa unanitabasamia kama ile siku ya geti. Hapo ndipo niliona kitu. Nikisema ndiyo, yeye atakuita Waruguru, utarudi Isinya kwa kuku wako, na mimi utanisamehe na kunisahau. Nikisema hapana, utaniandikia. Na uliniandikia, kurasa tatu. Ile sehemu umesema kwa watu kuwa mimi ni mtoto wako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Kuna kingine hujui. Jumapili tuliporudi, hata kabla hujaniandikia, nilijua utafikiria madaftari. Nilinunua sita mapya. Siku nane nimenakili kila kitu, historia, biolojia, insha zote, kwa mwandiko uliolala upande wa kushoto. Herufi ya g nimeikata mkia. Namalwa ndiye alikuwa ananisomea nikiandika, nilimwambia yale ya kwanza yalimwagikiwa uji. Anakusalimu. Analala na ile sweta. Ya zamani nilimpelekea mpishi jikoni, yakawasha moto wa githeri ya jana, na akanishukuru.

Barua hii peke yake naiandika na mkono wangu. Nilitaka niache moja tu ambayo iko na jina. Sasa naliandika, uone:

Mimi, Kafiya Dubow, wa Form Two, niliweka simu yangu katika godoro la Waruguru Njogu. Barua mbili alizo nazo niliandika mimi. Mbele ya baba yake nilidanganya.

Iko hapo. Wino bado unang'aa. Mkifika nitasimama niiweke mezani, sitahitaji kufungua mdomo. Baba yangu atasikia, na wateja watasikia. Prinsipo atanipa sanduku langu. Na wewe utapata jina lako. Nitafanya hivyo. Nimeamua.

Kengele ya saa nne imelia kitambo. Nasikia geti. Nasikia shangazi anakohoa kwenye kokoto. Madam Wathome anasema, "Yuko chumba cha muziki, twendeni tu, ni mtoto mpole sana, hatawasumbua." Viatu vyako navijua, unaburuta wa kushoto. Kuna vingine, buti za mpira, za mwanamume, zinakanyaga polepole. Ni Mzee Njogu? Alikuja? Umemwambia nini mpaka akakubali kuja?

Nasikia sauti yake. Anasema, "Tutaona."

Bado nina muda wa kuiacha hapa juu ya meza. Wako ngazi ya kwanza. Madaftari mapya nimeyapanga, la historia juu. Ngazi ya tatu. Mtu ameshika kitasa. Naikunja, mara mbili, mara nne, inaingia ndani ya soksi