Karatasi Mbili za Bomba la Zabibu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini. Mama Raheli, meneja wetu hapa kampuni ya mabomba, kasema wakubwa wanataka mwandishi wa maelekezo awe na digrii. Mimi nina kidato cha nne na miaka tisa ya kuuza dawa za kilimo dukani, soko la Majengo. Yotham, injinia mpya, anayo digrii — na adabu anayo, nisimsingizie. Mama kaamua: kila mmoja aandike karatasi ya maelekezo ya bomba la kupulizia zabibu. Tuone wakulima watakwama wapi.

Jumanne, 17 Juni
Nimemaliza kabla ya chai. Ukurasa mmoja! Yotham yuko ukurasa wa tatu, bado anaelezea presha. Kaja na daftari: dada Shamila, salfa ya unga inachanganywaje? Nikamweleza huku natafuna chapati. Anaandika kila neno, kama yuko darasani. Kazi hii haisomewi.

Alhamisi, 19 Juni
Hombolo, shambani kwa wakulima. Karatasi yangu kapewa mzee Matonya, ya Yotham kapewa Lydia, jirani yake wa shamba. Kuwasaidia marufuku. Mzee kaunganisha bomba chapchap. Lydia anafunua kurasa, anasonya. Nilishaanza kujiona.

Kisha mzee akamimina salfa moja kwa moja kwenye tangi. Akatia maji, akatikisa, akapiga pampu. Tone moja. Nozeli, kile kitundu cha kutolea dawa, imeziba.

Ikorogwe kwanza kwenye ndoo, ichujwe kwa kitambaa — dukani nilimwambia kila mteja, huku namfungia mzigo. Kwa mdomo. Kwenye karatasi sikuiweka, haikunijia hata kidogo.

Kwa Yotham ipo, ukurasa wa nne. Maneno yangu yaleyale, mpaka "kipande cha kanga kuukuu". Lydia alichelewa, lakini alipulizia.

Mzee kaniambia, mwanangu, mimi nimefuata ulivyoandika. Hakukasirika. Nimeona aibu.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Raheli anataka ripoti leo, aitume juu. Niiandike mimi. Yotham kaninong'oneza: ile ya ndoo ni yako dada, nimwambie? Nimemwambia anyamaze. Yeye aliuliza, mimi sikujiuliza.

Nimeandika: Mkulima alifuata karatasi. Karatasi haikusema.

Mama kachungulia mlangoni. Umefika wapi? Nimefika penye "Karatasi iliandikwa na" —