Mashini yenye kukatala neno

Lundi 7/7
Nimegeuza mayayi mu kuvezi, sanduku ya kupashia mayayi moto, kama kila asubui. Baridi iko kali. Ni mayayi ya kuku ya marehemu muke wangu, Feza. Juma iliyopita mwizi alibeba kuku yote, hakuona mayayi mu majani. Njo inabakia hii tu. Binti yangu Odile alifunga kuvezi ku ordinatere, kompyuta yake ya zamani, akaandika programu. Kila magaribi mashini inauliza digri ngapi, inachunga joto. Mi naona ni kazi ya mutoto. Furu ya kuyeyusha shaba njo kazi.

Mardi 8/7
Mashini ilinikatala! Niliandika 38 na maneno ya Kifaransa, trente-huit, muzuri kabisa. Ikaleta maandishi nyekundu: hii si namba. Mi, kapita wa furu, mukubwa wa batumikaji! Nilikuwa naangalia rangi ya moto tu, najua joto. Ku kazi tulikuwa tunaandika kila namba na maneno juu muntu asiongeze zero nyuma. Bote balisifu mukono wangu wa kuandika. Niliacha 38 yenye Odile aliweka. Hasira.

Mercredi 9/7
Nimegombana na Odile. Anasema hii luga ya mashini haiulize mbele kama kintu ni namba ao neno, inaona pale inakitumia tu. Njo maana aliweka ukali: neno likikuya pa fasi ya namba, ikatale. Nikamuambia aondoe ukali.
"Papa, itakubali kila kintu, hata isipoelewa."
"Ikubali. Miye njo baba mu hii nyumba."
"Sawa, kapita."
Aliondoa. Alirudia kwake Makomeno bila kunywa chai.

Jeudi 10/7
Magaribi niliandika trente-huit. Ikakubali. Kimya, na heshima. Nimeshinda.

Vendredi 11/7
Asubui nilishika yai. Baridi kama jiwe.
Nikasema kura, umeme, imekatika. Hapana, taa inawaka. Nyaya ziko fasi yake. Moto ya ndani njo imezima. Nilivua koti, nikafunika kuvezi. Nikaita Odile na telefone.
Alikuya na pikipiki. Alisoma ordinatere, akanionyesha. Kumbe mashini ilijikaza kugeuza neno langu kuwa namba, ikashindwa, haikusema kitu. Ikaweka zero. Usiku muzima ilichunga joto ya zero.
Niliandika na maneno juu muntu asiongeze zero. Mashini yenyewe ikaiweka.
Nilimuambia Odile programu yake ni mubaya. Aliandika 38, akakaa chini. Afazali angenitukana.

Samedi 12/7
Hatujue kama batoto ndani ya mayayi bamekufa. Odile anasema tungojee kesho, tuangalie ndani ya mayayi na torshi. Sikukula. Feza alikuwa anaita kila kuku na jina yake. Mi nilikuwa namucheka.

Dimanche 13/7
Tulifunga dirisha, tukaweka torshi nyuma ya kila yai. Ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Nilitaka kutoka. Odile akanishika mukono: "Papa, angalia." Mishipa nyekundu, na kintu kidogo kinatikisika. Si yote. Mayayi mingi tuliondoa. Lakini iko yenye uzima.
Nikamuambia mashini imelegea sana, airudishe ukali.
"Nani anaomba, kapita ao papa?"
"Rudisha tu, mama."
Alicheka. Leo alikunywa chai.

Lundi 28/7
Balichelewa, lakini balikuya. Batoto ba kuku batatu, na mayayi mbili ingali inapasuka. Moja iko shingo tupu, bila manyoya, kama ile Feza alikuwa anapenda. Nimemupa jina. Siandike hapa.
Kila magaribi naandika kwanza trente-huit, na mukono wangu muzuri. Nyekundu inakuya. Inakatala. Nafurahi.
Halafu naandika 38.