Nyumba Aliyoniita Niikague

Jumatatu, 4 Machi
Bado niko peke yangu. Nyumba kimya mpaka nasikia friji ikijisemesha. Nimefungua bei za hisa kama kawaida. Kampuni ya saruji imeporomoka tena. Zamani ningeshangilia — ndiyo kazi yangu hiyo, kununua kitu kizuri siku watu wanakikimbia, halafu kukikalia miaka. Na kuwaeleza wasomaji kila Jumapili gazetini. Leo nimeiangalia tu.

Namkumbuka Mama Watoto akikohoa makusudi jikoni, nijue chai iko tayari.

Jumanne, 5 Machi
Acha niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Miaka yote mke wangu aliitaka ile nyumba ya kona yenye mlango wa bluu. Mimi: ngoja, bei itashuka. Haikushuka! Kaichukua daktari wa meno. Mke wangu akalia. Na mimi nikafanya nini? Nikamwandika gazetini. "Mama aliyependa mlango wa bluu" — mfano wa mnunuzi anayetumia moyo badala ya hesabu. Jina sikutaja. Kwani alihitaji jina? Watu walicheka sana. Yeye alisoma, akakunja gazeti, akapanga nguo zake, akaenda kwa dada yake. Na mimi mjinga nilidhani nimeandika vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda huko kwa dada yake. Shemeji kafungua mlango nusu. "Shemeji, umekuja kama mgeni au kama mwandishi? Nijue kama nikupe kiti au nifunge mdomo." Mke wangu nyuma yake, anapiga pasi. Hakuinua kichwa. Nikaomba msamaha. Akauliza kimoja tu: na hili nalo nitaliandika Jumapili?

Jioni mhariri kapiga simu. Wasomaji wanamtaka tena yule mama. "Mzee, huyo ni dhahabu!" Nimemwambia simwandiki tena, na Jumapili hii atafute mtu mwingine. Kauliza kama naumwa. Naumwa, ndiyo.

Jumamosi, 9 Machi
Kapiga simu! Mama Watoto mwenyewe! Nimenyoa haraka mpaka nimejikata kidevu. Kumbe amepata nyumba ndogo ya kupanga. Ya kwake peke yake. Anataka niikague kabla hajasaini. "Wewe una jicho la kuona ubovu. Hilo sikunyimi."

Nimekagua. Nimegonga kuta, nimefungua mabomba, nimesoma mkataba mara mbili. Sijawahi kutafuta ubovu hivi kwenye kampuni yoyote. Unyevu — hakuna. Paa zima. Kodi iko chini kuliko mtaa mzima. Kitu cha namna hii ndicho nimekuwa nikiwaambia watu wakikiona wakidake!

Dirisha la jikoni linapata jua. Kasimama pale, kaweka mkono juu ya ukingo, akatabasamu. Si kwangu. Sijui mara ya mwisho nililiona lini tabasamu lile nyumbani.

Nikisema bomba linavuja, atarudi kwa dada yake. Baadaye labda kwangu. Ataniamini. Si ndiyo maana kaniita?

Nimetoka nje, nimekaa hapa ngazini na daftari hili. Wanadhani naandika ukaguzi. Dalali anachezea funguo, anasema kuna mteja mwingine yuko njiani. Mke wangu anaita toka ndani: "Baba Watoto, mbona umenyamaza? Nisaini, nisisaini? Sema basi!"

Nyumba ni nzima. Nzima kabisa, Mungu wangu.

Nakuja, nimemjibu. Miguu ndiyo haitaki kuinuka.